Kiambishi Hupimwa kwa Kazi, si kwa Ukoo: Funzo Kutoka Lugha za Skandinavia

Kuna malalamiko mawili yanayosikika kila panapozungumziwa uwezo wa Kiswahili wa kubeba taaluma za chuo kikuu. La kwanza ni la wenye kukata tamaa. Hawa hudai kuwa Kiswahili kina uhaba wa vivumishi, kwamba lugha za Ulaya huzaa vivumishi kwa kubandika kiambishi kidogo mwishoni mwa neno, ilhali Kiswahili hulazimika kuzunguka kwa maneno matatu au manne. La pili ni la wakereketwa. Hawa hutaka kila neno na kila kipande cha neno kipekuliwe nasaba yake, na kisicho na asili ya Kibantu kitiliwe shaka. Malalamiko haya yanapingana kwa sura, lakini yamechipuka kutoka mzizi mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba utajiri wa lugha ni hesabu ya vitu vilivyomo ghalani, na kwamba uhalali wa kitu unategemea kilikotoka.

Makala haya yanashikilia kuwa fikra hiyo ni potofu, na ushahidi unaoletwa hapa unatoka mbali: viambishi tamati vinavyounda vivumishi katika lugha za Skandinavia. Umbali huo una faida yake. Hakuna msomaji wa Kiswahili mwenye kisasi na Wadenmaki wala Waswidi, na hivyo jambo linaweza kutazamwa kwa utulivu ambao ni adimu mjadala unapohusu maneno ya Kiarabu na ya Kiingereza katika Kiswahili.

Lugha zinazohusika ni Kidenmaki, Kinorwe, Kiswidi, Kiaislandi na Kifaroe. Zote zilitokana na lugha moja ya kale iliyozungumzwa na watu wa kaskazini mwa Ulaya. Tatu za kwanza zimekaribiana kiasi kwamba msomaji wa moja huweza, kwa juhudi kidogo, kusoma gazeti la nyingine. Kiaislandi na Kifaroe zimehifadhi zaidi sarufi ya kale. Kinorwe nacho kina sanifu mbili za maandishi, Kibokmål na Kinynorsk, na mgawanyiko huo, kama itakavyoonekana, una uhusiano wa moja kwa moja na suala la viambishi.

Viambishi vilivyokuwa maneno

Kiambishi kinachotumika sana kuunda vivumishi katika lugha hizi ni '-lig' cha Kidenmaki, Kiswidi na Kibokmål, ambacho katika Kinynorsk huandikwa '-leg' na katika Kiaislandi '-legur'. Kutokana na nomino 'venn', yaani rafiki, Mnorwe hupata 'vennlig', yaani -a kirafiki. Asili ya kiambishi hiki ni neno kamili la kale lililomaanisha mwili au umbo. Kusema kitu ni 'vennlig' kulikuwa, hapo mwanzo, kusema kina umbo la rafiki. Neno lenyewe halijafa. Katika Kinorwe na Kiswidi 'lik' bado ni nomino yenye maana ya maiti, na pia ni kivumishi chenye maana ya -enye kufanana. Mzungumzaji wa leo hutamka viambishi vyenye asili hiyo mara nyingi kwa siku bila kukumbuka kwamba ndani yake umo mwili wa mtu.

Hali ni iyo hiyo kwa viambishi vingine. Kiambishi '-løs' cha Kidenmaki na Kibokmål, '-lös' cha Kiswidi, '-laus' cha Kinynorsk na Kiaislandi, kilikuwa na bado ni neno lenye maana ya kilicholegea au kilichofunguka. 'Arbejdsløs' katika Kidenmaki ni mtu asiye na kazi, kana kwamba amefunguliwa kutoka kazini. Kiambishi '-full', au '-fuld' cha Kidenmaki, kinatokana na neno la kujaa. Kiambishi '-bar' kina uhusiano na kitenzi cha kubeba; 'fruktbar', ambalo leo humaanisha -enye rutuba, ni chenye kubeba matunda.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuona mageuzi haya kuwa ajabu ya Ulaya. Neno 'mwana' limekuwa likisafiri njia hiyo mbele ya macho ya wote. Katika 'mwanasheria', 'mwanasiasa' na 'mwanahabari' hakuna anayefikiria mtoto wa sheria au mtoto wa siasa. Neno limechakaa kwa matumizi hadi likakaribia kuwa kiambishi. Viambishi havitungwi na kamati. Aghalabu ni maneno yaliyofanya kazi kwa muda mrefu hadi yakapoteza uhuru wao.

Wageni wa bandarini

Si viambishi vyote vya Skandinavia vilivyozaliwa nyumbani. Kuanzia karne ya 13, biashara ya Bahari ya Baltiki na ya Bahari ya Kaskazini ilitawaliwa na Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani ulioongozwa na mji wa Lübeck. Huko Bergen, Norwe, Hansa walikuwa na kituo chao rasmi kuanzia takriban mwaka wa 1360, wakinunua samaki wakavu wa kaskazini na kuleta nafaka. Kituo hicho hakikufungwa hadi mwaka wa 1754. Huko Stockholm, sheria ya miji iliyotolewa katikati ya karne ya 14 ilikubali nusu ya madiwani wawe Wajerumani, na utaratibu huo haukufutwa hadi mwaka wa 1471. Mtu wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa mengi kuhusu kinachotokea lugha mbili zinapokutana bandarini karne baada ya karne.

Wajerumani hao walizungumza Kijerumani cha nyanda za kaskazini, ambacho ni tofauti na Kijerumani sanifu cha leo. Kiliingiza katika Kidenmaki, Kinorwe na Kiswidi maneno mengi ya ufundi, ya biashara na ya utawala. Baada ya kuingia maneno mengi yenye mwisho mmoja, wazungumzaji walianza kuutambua mwisho huo na kuubandika kwenye mashina yao wenyewe. Kwa njia hiyo lugha hizi zilipata '-bar' na '-aktig', na kiambishi cha kale '-sk', kile cha 'norsk' na 'dansk', kikapata mwenzake '-isk' aliyeletwa na maneno yenye asili ya Kilatini na Kigiriki yaliyopitia Ujerumani, kama vile 'politisk' na 'praktisk'. Baadaye kikaongezwa '-mæssig' cha Kidenmaki, '-mässig' cha Kiswidi, vilevile kutoka Kijerumani.

Hapa ndipo mwenye kupekua nasaba anapopata taabu. Chukua dhana ya kitu kinacholika. Mswidi husema 'ätbar'. Kitenzi 'äta', yaani kula, ni cha nyumbani tangu zamani. Kiambishi '-bar' ndicho mgeni. Mdenmaki husema 'spiselig'. Hapa kitenzi 'spise' ndicho kilicholetwa na Wajerumani, nacho kiambishi '-lig' ni cha nyumbani, ingawa kilipata nguvu zaidi kwa kukutana na ndugu yake wa Kijerumani. Lipi kati ya maneno haya mawili ni halisi zaidi? Anayetaka kuyapalilia atalazimika kung'oa nusu ya kila moja, na mezani hakutabaki chakula. Wazungumzaji wenyewe hawajapata kujali. Wanakula.

Kazi ya kiambishi ni kutofautisha

Kama asili haitoshi kuwa kipimo, kipimo ni kipi? Jibu ni kazi, na kazi kuu ya kiambishi ni kuwezesha mzungumzaji kutenga maana moja na nyingine. Mifano michache itathibitisha.

Kutokana na nomino 'barn', yaani mtoto, Kinorwe kina vivumishi vitatu: 'barnlig', 'barnslig' na 'barnaktig'. Cha kwanza humsifu mtu au angalau hakimlaumu. Furaha ya mtu mzima inaweza kuwa 'barnlig', yaani safi na isiyo na hila kama ya mtoto. Cha pili humkosoa kwa kufanya mambo yasiyolingana na umri wake. Cha tatu nacho hulaumu, na aghalabu kwa ukali zaidi. Shina ni lile lile, mtoto ni yule yule, lakini hukumu inabebwa na kiambishi. Na kiambishi cha tatu, '-aktig', ni mgeni. Wenyeji hawakukipokea kwa kukosa cha kusema. Walikipokea kwa kuwa kiliwawezesha kusema jambo kwa namna nyingine. Kiambishi hicho hicho kikiwekwa kwenye rangi huleta maana ya kukaribia: 'grønnaktig' ni kijani kisicho kijani kamili, kile ambacho Mswahili angekieleza kwa kurudia, kijanikijani.

Tofauti ya '-løs' na '-fri' ni ya kina zaidi, kwa sababu imebeba mtazamo wa jamii. Vyote viwili humaanisha kutokuwa na kitu. Lakini '-løs' huelekea kutumika pale kinachokosekana kinapohitajika: 'hjemløs' katika Kinorwe ni mtu asiye na makao. Nacho '-fri', kutokana na neno la uhuru, hutumika pale kukosekana kunapokuwa nafuu: 'sukkerfri' ni kinywaji kisichotiwa sukari, na 'smertefri' ni hali ya kutokuwa na maumivu. Katika Kiswidi 'barnlös' husemwa kuhusu mtu asiye na mtoto, mara nyingi kwa kudokeza huzuni. 'Barnfri' husemwa kuhusu aliyechagua kutozaa, au hata mzazi aliyepata jioni moja bila watoto. Kubadilisha kiambishi ni kubadilisha msimamo juu ya maisha ya mtu. Mfasiri atakayeviona viambishi hivi viwili kuwa sawa kwa sababu kamusi imevieleza vyote kwa 'bila' atakuwa amemhukumu mtu pasi na kujua.

Waswidi pia wana 'ätlig' kando ya 'ätbar'. Kwa uyoga, neno linalofaa ni 'ätlig', yaani hauna sumu. 'Ätbar' huweza kusemwa kuhusu chakula ambacho upishi wake si wa kusifiwa, lakini kinalika. Kiambishi cha nyumbani na cha kigeni vimegawana kazi, na mgawanyo huo ni wa manufaa kwa anayeokota uyoga msituni.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa maana ya kivumishi ni jumla ya shina na kiambishi. Neno 'rolig' limeundwa kutokana na 'ro', yaani utulivu. Katika Kidenmaki na Kinorwe humaanisha -tulivu. Katika Kiswidi 'rolig' humaanisha -a kufurahisha au -a kuchekesha. Lakini Mswidi akiongeza kiambishi cha kukanusha na kusema 'orolig', hamaanishi kitu kisichochekesha. Anamaanisha mwenye wasiwasi. Maana ya kale imejificha katika ukanushi baada ya kutoweka katika uyakinishi. Matumizi ndiyo yaliyofanya hivyo, wala hakuna kanuni ambayo ingeweza kulitabiri.

Mgeni mtiifu na mwenyeji mkaidi

Kuna hoja nyingine ambayo wapenzi wa ngeli za Kiswahili watavutiwa nayo. Katika madarasa ya Kiswahili hufundishwa kuwa vivumishi vyenye asili ya Kibantu huchukua viambishi vya upatanisho, kama vile mtu mzuri na kitu kizuri, ilhali vyenye asili ya kigeni, kama vile safi, hodari, ghali na rahisi, hukataa. Kanuni hiyo inafaa kwa Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Kosa huja pale mwanafunzi anapoigeuza kuwa sheria ya lugha zote na kuamini kuwa kukataa upatanisho ni alama ya ugeni.

Katika lugha za Skandinavia, kivumishi hupatana na nomino, na mbele ya nomino ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike huongezewa '-t' mwishoni. Mnorwe husema 'et stort hus', nyumba kubwa, kutokana na 'stor'. Lakini husema 'et vennlig brev', barua ya kirafiki, bila '-t', kwa kuwa vivumishi vya '-ig' na '-lig' katika Kinorwe huikataa alama hiyo. Ilhali '-lig' ni mwenyeji tangu kale. Kwa upande mwingine, kivumishi cha '-bar', kile cha mgeni, huipokea bila kinyongo: 'et brukbart svar', jibu linalofaa. Yaani mgeni anatii kanuni ya nyumba na mwenyeji anaikaidi.

Tena, ukivuka mpaka, mambo hugeuka. Mdenmaki husema 'et venligt brev' na Mswidi 'ett vänligt brev', wote kwa '-t'. Kwa kivumishi cha '-sk', Mdenmaki na Mnorwe huiacha alama hiyo, 'et norsk skib' na 'et norsk skip', merikebu ya Kinorwe, lakini Mswidi huitia, 'ett norskt skepp'. Lugha tatu ndugu, viambishi vile vile, tabia tofauti. Kutokana na tabia ya kisarufi ya kiambishi haiwezekani kusoma cheti chake cha kuzaliwa.

Waliojaribu kupalilia

Yupo atakayeuliza: je, hapakuwa na Waskandinavia waliokataa viambishi vya kigeni? Walikuwepo, na hoja yao inastahili kusikizwa kwa heshima, kwa sababu inafanana mno na ile ya wakereketwa wa Kiswahili.

Norwe ilitawaliwa pamoja na Denmaki kwa karne kadhaa hadi mwaka wa 1814, na lugha ya maandishi ya nchi ilikuwa Kidenmaki. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka wa 1813, alisafiri kati ya mwaka wa 1842 na 1846 akikusanya lahaja za mashambani, kisha akachapisha sarufi mwaka wa 1848 na kamusi mwaka wa 1850. Kutokana na lahaja hizo alijenga lugha ya maandishi iliyoitwa Landsmål, ambayo bunge liliipa hadhi sawa na ya Kidenmaki cha Norwe mwaka wa 1885, na ambayo tangu mwaka wa 1929 huitwa Kinynorsk. Kwa Aasen na wafuasi wake, maneno yenye alama za Kijerumani yalikuwa ukumbusho wa utawala wa wageni. Viambishi awali 'an-' na 'be-', pamoja na viambishi tamati vya nomino '-heit' na '-else', viliepukwa kwa makusudi. Kwa vivumishi walivipa nafasi '-leg', '-sam' na '-laus', vyote vya nyumbani.

Kazi ya Aasen ilikuwa kubwa, na kuibeza ni utovu wa shukrani. Aliwaonyesha wakulima kuwa wanachokizungumza ni lugha. Lakini upaliliaji ulikumbana na ukweli mmoja mgumu: wakulima wenyewe, ambao kwa jina lao lugha ilikuwa ikitakaswa, walikuwa wakiyatumia baadhi ya maneno hayo. Kitenzi cha kulipa, 'betale', kilikuwa midomoni mwa watu wa lahaja nyingi. Kukikataa kwa sababu ya 'be-' kulikuwa kuwaambia kuwa hawajui lugha yao. Taratibu Kinynorsk kililegeza kamba, na leo kamusi yake ina 'betale' na pia vivumishi kama 'brukbar'. Mkataa kwao ni mtumwa, kama walivyonena wahenga. Lakini ni nani aliyekataa kwao hapa, mkulima aliyelitumia neno au msomi aliyemkataza?

Aislandi ndiyo mfano unaotajwa mara nyingi kuwa uliofaulu. Kwa hakika taifa hilo la takriban watu laki nne limeweza kutunza msamiati wa nyumbani hata katika sayansi. Lakini inafaa kuchunguza limefaulu kwa njia gani. Dhana ya kielektroniki, ambayo Mdenmaki, Mnorwe na Mswidi huieleza kwa 'elektronisk', katika Kiaislandi ni 'rafrænn'. Sehemu ya kwanza, 'raf', ni kaharabu, kito kilekile ambacho jina lake la Kigiriki liliyapa mataifa ya Ulaya neno la umeme, na ambacho jina lake la Kiarabu, linalojulikana pwani ya Afrika Mashariki, ndilo jina la umeme kwa Waarabu. Sehemu ya pili, '-rænn', ni kiambishi cha kale kilichoeleza pande za dunia: 'norrænn' ni -a kaskazini, 'suðrænn' ni -a kusini. Waaislandi walikichukua kiambishi kilichoelekeza upepo na kukipa kazi ya kueleza mitambo.

Hapa pana tofauti ambayo watetezi wa usafi wa lugha huipita mbio. Kiaislandi hakikufaulu kwa sababu kilikataa, kwa kuwa kukataa ni rahisi na kila mtu anaweza. Kilifaulu kwa sababu kila kilipofunga mlango mmoja kilikifungulia kiambishi cha nyumbani kazi mpya, na kwa sababu kina utamaduni wa kusoma maandishi yake ya kale unaowafanya watu wakitambue kiambishi hicho wanapokiona. Kwa hiyo hata Aislandi, ngome ya usafi, inathibitisha hoja ile ile: kinachohesabiwa ni kazi.

Kiswahili kinajifunza nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu hapo suala la namna Kiswahili kinavyoeleza sifa za mambo limekoma kuwa la darasani pekee. Mfasiri wa sheria anayekosea kati ya kisicho na kitu na kilichoondolewa kitu anaweza kumnyima mtu haki yake. Kwa hiyo malalamiko mawili yaliyotajwa mwanzoni yanahitaji jibu.

Kwa anayelia uhaba, jibu ni kwamba anatafuta mahali pasipo. Kazi ya '-bar' na '-lig' katika kueleza kinachowezekana, Kiswahili hakiiweki katika kivumishi; hukiachia kitenzi katika kauli ya kutendeka. Mwandiko husomeka au hausomeki, uyoga hulika au hauliki, barabara hupitika au haipitiki. Anayehesabu vivumishi na kusahau vitenzi ni kama anayehesabu mifugo akiwa zizini wakati ng'ombe wako malishoni. Kazi ya '-sk' na sehemu kubwa ya kazi ya '-lig' hufanywa na '-a ki-': -a kirafiki, -a kisayansi, -a kimataifa. Tena Kiswahili kina viambishi tamati vyake, '-fu' na '-vu', vilivyozaa -angalifu, -vumilivu, -danganyifu, -sahaulifu na -tulivu. Swali la maana ni iwapo viambishi hivyo vinapewa kazi mpya, kama Waaislandi walivyofanya na '-rænn', au vimeachwa kuwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Inafaa idara za Kiswahili ziwaulize wanafunzi maswali mawili baada ya kuwafundisha kiambishi: kinaweza kuzaa neno gani ambalo halijawahi kusemwa, na kwa nini mashina mengine hukikataa?

Uadilifu unadai pia kukiri kuwa lugha haipati yote. Mnorwe hutenga 'barnlig' na 'barnslig' kwa kiambishi. Mswahili husema -a kitoto kwa zote mbili na kuiachia muktadha hukumu. Hiyo ni gharama, na mfasiri mwangalifu huilipa kwa kuongeza neno. Lakini Mnorwe naye hana njia fupi ya kusema njia haipitiki tena hali ilikuwa ikipitika jana, jambo ambalo Mswahili hulisema kwa kugeuza kitenzi tu.

Kwa mkereketwa wa nasaba, jibu ni neno 'bila'. Neno hili ni la Kiarabu, na kazi yake ni ile ile ya '-løs'. Hakuna bibi wa Pate wala kijana wa Kakamega anayelisitasitia. Vivyo hivyo, katika '-a kielektroniki' na '-a kidijitali', shina ni la kigeni lakini 'ki-' na 'a-unganifu' ni za nyumbani, nazo ndizo zinazoamua neno litakaaje katika sentensi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yamkini mtu akapinga kuwa ulinganisho huu hauna haki. Kijerumani na lugha za Skandinavia ni za ukoo mmoja. Kiambishi cha Kijerumani kilipata mashina yanayofanana na ya kwao na kikakaa kwa urahisi. Kiswahili ni cha Kibantu, na Kiarabu na Kiingereza ni za koo nyingine kabisa. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Ndilo linaloeleza kwa nini Kiswahili kimekopa maneno mengi lakini viambishi vichache mno. Hata hivyo, linaunga mkono hoja ya makala haya badala ya kuivunja. Kama muundo wa Kiswahili wenyewe huchuja, ukipokea mashina na kuyavisha viambishi vya nyumbani, basi lugha ina mlinzi aliye imara kuliko kamati yoyote. Kilichobaki kwa wasomi ni kumfahamu mlinzi huyo na kufanya kazi pamoja naye.

Funzo kutoka Skandinavia, basi, halimwagizi mtu yeyote akope viambishi, wala halimruhusu kudharau vya nyumbani. Linaagiza kubadilisha swali. Badala ya kuuliza neno limetoka wapi, mwanafunzi na mhadhiri waulize: linatofautisha nini, linazaa nini, na nani anayelitumia bila kushurutishwa? Neno litakalojibu maswali hayo matatu limekwisha kupata makao. Lile litakaloshindwa litakufa, hata kama nasaba yake inafika kwa Wabantu wa kwanza.